Mwendo wa Adui

1

Kobe namba saba, gari letu la deraya, alimpaka Ndahani rangi nyekundu kwenye skrini saa tatu na dakika kumi asubuhi, na wakati huo Ndahani hakuwa na silaha, hakuwa na bomba, hakuwa hata na fimbo. Alikuwa na simu sikioni. Alikuwa anakatisha uwanja wa majaribio kuja kuniomba ruhusa ya kunywesha mbuzi wake kwenye birika letu la kupozea mitambo.

Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mlengaji, miguu nimeiweka juu ya sanduku tupu la risasi, nakunywa uji wa ulezi. Skrini ilipolia nilidhani ni vumbi. Kongwa mwezi wa nane vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Halafu nikasikia mnara wa bunduki unazunguka juu ya kichwa changu, polepole, na mlio wake kama jiwe la kusagia. Duara jekundu likakaa kifuani mwa mtu ninayemfahamu miaka mitatu, na chini ya duara hesabu ikaanza: mbili.

Hizo mbili ni sekunde. Kobe hamuulizi mtu kama apige. Anachagua mwenyewe, anakuonyesha aliyemchagua, halafu anakusubiri sekunde mbili umkataze. Usipomkataza, amepiga. Nilibonyeza kitufe cha kukataa kwa kiwiko kwa sababu mikononi nilikuwa na uji, na uji wote ukanimwagikia mapajani. Bunduki ilikuwa tupu, nilijua ni tupu, daftari la ghala la risasi nilisaini mimi. Hata hivyo nilitoka mbio kwa mlango wa juu.

"Mbukwa, Mwalimu," Ndahani akanisalimia, simu bado sikioni. Akanitazama suruali. "Leo imekuwaje tena? Umejikojolea?"

"Rudi ulikotoka," nikamwambia. "Halafu uje tena hapa, mwendo wako wa kawaida."

"Nichukue bomba?"

"Usichukue chochote."

Kazi ya Ndahani pale kiwandani ilikuwa adui. Ndivyo mkataba wake ulivyoandikwa: "Adui, wa msimu." Kiangazi chote yeye na wafugaji wenzake kumi na tisa walikuwa wanabeba begani mabomba ya chuma mfano wa roketi, wanajificha kwenye miiba, wanaibuka, wanapiga goti, wanalenga gari. Kazi yangu mimi ilikuwa kumkalisha Kobe awatazame na kumwambia: huyu ni adui. Mara elfu, mara elfu kumi. Ndiyo maana watu wote pale waliniita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki.

Ndahani akatembea mara tano. Mara zote tano alikuwa mwekundu.

Nikamwita Lupogo, fundi wetu wa umeme, nikampa bomba. Nikamwambia aende hadi kwenye kichuguu, apige goti, atulenge kama mtu aliyedhamiria. Lupogo hakutaka. Alizunguka maneno, akasema mke wake mjamzito, mwishowe akaenda. Akapiga goti na bomba begani, mdomo wa bomba unanitazama usoni kabisa. Kobe akamkagua kwa utulivu, akampaka kijani.

Kijani ni raia.

Nilikaa pale kwenye kiti chenye uji nikiwa nimeelewa kila kitu, na sikupenda nilichokielewa. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wamekataa tangu siku ya kwanza kuigiza adui. Kulengwa na bunduki, hata tupu, walisema ni kujitafutia mkosi, na chama chao kikaliandika hilo kwenye makubaliano. Tukaona si neno. Watu wa kiwanda wawe raia, wafugaji wa jirani wawe adui. Misimu mitatu kila raia aliyepita mbele ya Kobe alikuwa na mwendo wa mtu wa sakafu ya saruji na viatu vya usalama, na kila adui alikuwa na mwendo wa mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe: hatua ndefu, magoti yamelegea, mabega yametulia, kichwa hakipandi wala hakishuki. Mimi nilidhani namfundisha roketi. Kobe mwenyewe aliona kuna kitu chepesi zaidi cha kushika, akashika hicho.

"Vipi, Mwalimu?" Ndahani akaniuliza akiwa chini, mkono umeziba jua. "Mbuzi wanywe au wasinywe?"

"Wanywe," nikasema. "Ila pitia nyuma ya ukuta."

2

Injinia Lyatuu, mkurugenzi wetu, alinisikiliza akiwa amesimama dirishani. Alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, na ndiyo sababu nilimheshimu. Chini ya dirisha lake Kobe arobaini na wawili walikuwa wamepangwa safu nne uani, wapya, rangi ya udongo, macho yamefunikwa turubai.

"Kurekebisha kunachukua muda gani?"

"Miezi minne. Nifute somo lote, nianze upya, na wafanyakazi wakubali kubeba mabomba."

"Mnunuzi anakuja Alhamisi."

"Najua anakuja Alhamisi."

"Leo Jumatatu, Nyemo."

Aliniita kwa jina langu. Nikajua kazi ipo.

"Kaa," akasema. Sikukaa. Siku hizo nilikuwa siwezi kukaa mahali pasipokuwa na skrini. "Mimi nimeona magari ya deraya yakizikwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, droni ndogo ya kubeba kwapani inaua kifaru cha tani sitini, na kila mtu akasema chuma kimekwisha. Tukatengeneza matela ya kubebea mkonge. Halafu pakaja pazia."

Pazia nilikuwa nalijua vizuri, maana ndilo lililonipa kazi. Ni sanduku lisilozidi ukubwa wa jokofu, linakaa mgongoni mwa gari, na chochote kinachoruka ndani ya kilomita tano kinapoteza akili na kudondoka. Majeshi yote yakajikuta yamerudi ardhini. Kiwanda kikafanya kazi zamu tatu, Kongwa ikapata barabara ya lami mpaka sokoni, na wasichana waliosoma hesabu, kama mimi, wakaitwa nyumbani kufundisha mashine kuona.

"Mara ya pili ni mwaka jana," akaendelea. "Amani imesainiwa mpakani. Mimi ni mtu wa Mungu, siwezi kulalamika amani. Lakini jeshi letu limeniandikia barua ya mistari minne kwamba halihitaji Kobe tena. Watu mia sita na kumi wako humu ndani. Dada yako ni mmoja wao."

"Dada yangu usimtie humu."

"Yumo tayari. Yuko banda la uchomeleaji, sikumtia mimi." Akageuka. "Tutaandika tahadhari kwenye kitabu cha maelezo. Ukurasa mzima, kwa wino mwekundu ukitaka."

"Nani anasoma kitabu ndani ya sekunde mbili?"

Akaniuliza, "Utasaini au hutasaini?"

Sheria ilikuwa wazi, na ilitungwa baada ya watu wengi kufa. Hakuna mashine yenye jicho inayotoka kiwandani bila mwalimu wake kuweka sahihi, na jina la mwalimu linagongwa kwenye kibati ndani ya mlango. Gari likiua mtu asiyestahili, huko liliko, kosa lina jina. Vibati arobaini na viwili vilikuwa tayari mezani kwake, NYEMO CHILEWA, vimepigwa msasa vinang'aa.

"Nipe mpaka Alhamisi," nikasema.

"Ukikataa, nitamtafuta mwalimu mwingine. Itachukua wiki mbili, mnunuzi atalalamika, lakini atapatikana. Nakwambia ili usije ukadhani unamwokoa mtu." Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

3

Jumatano nilimfuata Ndahani kwenye mbuga. Nilimkuta anamtoa mbuzi mwiba kwenye kwato, kisu mdomoni. Nikamweleza yote bila kuficha. Nilitaka akasirike, nadhani. Mtu akikukasirikia unapata mahali pa kuanzia.

Akacheka mpaka kisu kikamtoka.

"Kwa hiyo gari linanifahamu."

"Halikufahamu wewe. Linafahamu mwendo wako."

"Na wanangu? Wanatembea kama mimi."

"Hao pia."

"Na wale wa kaskazini mnakopeleka magari? Huko kuna wafugaji?"

"Bomba la maji linapita kwenye malisho yao, kilomita mia tisa. Ndilo magari yanakwenda kulinda."

Hapo kicheko kikaisha. Akamwachia mbuzi, akafuta mikono kwenye shuka.

"Mwalimu, mimi mlipokuja kunipa kazi niliona ni mchezo wa watoto. Tulikuwa tunacheka jioni, nani leo kafa mara nyingi. Kumbe tulikuwa tunawauza watu tusiowajua." Akatazama mbali kidogo. "Kutembea mtu hafundishwi. Unamfuata baba nyuma ya mifugo, siku moja unajikuta unatembea kama yeye. Sasa huyo mtoto wa kaskazini abadilishe nini? Avue nini?"

Nikaona aibu, aibu yenyewe hasa, ile inayopasha masikio moto. Kwa sababu mimi nilikuwa natoka huko huko. Mpaka nina miaka kumi na moja nilichunga mbuzi wa baba kule Mlali pamoja na dada yangu Sechelela. Halafu ikaamuliwa mmoja aende bweni na mmoja abaki na mifugo. Bweni walinifundisha kutembea kwa viatu, kifua mbele, mistari miwili kwenda bwaloni. Misimu mitatu nilipita mbele ya Kobe kila siku nikawa kijani.

"Kesho ni siku ya kutangulia," nikamwambia Ndahani, na niliposema hivyo ndipo nilipojua nitafanya nini.

4

Kutangulia ni desturi ya kiwanda chetu. Aliianzisha mwanajeshi mstaafu aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza, mtu asiyeamini karatasi. Alisema anayetaka kuuza bunduki yenye akili, atembee mbele yake kwanza. Kwa hiyo siku ya makabidhiano mwalimu anatembea hatua mia mbili mbele ya magari, macho ya magari yakiwa wazi na minara ikiwa hai, bunduki tupu. Minara isipogeuka, watu wanapiga makofi, tunakwenda kunywa chai na maandazi. Haijawahi kugeuka.

Mnunuzi alikuwa mama mmoja mwembamba, Bi. Odara Senn, wa Mamlaka ya Bomba. Alizungumza Kiswahili cha darasani, safi, kila neno limekaa mahali pake. Alikuja na wanajeshi wawili wasiosema kitu. Nilitarajia mtu wa kuchukiza, nikakuta mtu aliyechoka, mwenye kovu jipya la moto kuanzia sikioni hadi kwenye kola.

Turubai zikaondolewa. Magari yote arobaini na mawili yakafungua macho kwa pamoja. Wafanyakazi walisimama kwenye kivuli cha mabanda, wengine wamepanda juu ya matairi. Nikamwona Lupogo, nikamwona Injinia Lyatuu na suti yake ya harusi. Dada yangu sikumwona, alikuwa ndani anamalizia ngazi ya gari la mwisho.

Nikainama nikafungua viatu.

"Mwalimu," Injinia akasema kwa sauti ya chini.

Nikavua na soksi. Saruji ilikuwa ya moto, nikavuka upesi hadi kwenye udongo. Nikasimama. Miaka ishirini na sita tangu nichunge mbuzi. Nilijaribu kukumbuka mwendo kwa kichwa nikashindwa, kichwa hakikuwa nao. Basi nikafikiria mbuzi. Nikafikiria kwamba wako mbele yangu, thelathini na mbili, na yule jike mwenye sikio lililochanika anataka kuingia kwenye mtama wa watu. Miguu ikaondoka yenyewe.

Hatua ya tisa nikasikia jiwe la kusagia. Halafu mawe mengi. Sikugeuka. Kivuli changu kilikuwa kinatangulia mbele, na pembeni yake nikaviona vivuli vya mitutu vinasogea juu ya udongo, vyote vinakuja upande wangu. Nilitembea hatua mia mbili zote. Taa nyekundu za minara zilikuwa zinawaka mchana kweupe na hakuna aliyepiga makofi.

Niliporudi Bi. Senn alikuwa anaandika kitu.

"Eleza," akaniambia.

Nikaeleza mbele ya watu wote, kwa sauti ya kusikika mabandani. Nilieleza mabomba, viatu vya usalama, wafugaji kumi na tisa na Ndahani. Nikasema, "Magari haya hayaoni silaha. Yanaona mchungaji. Mkiyapeleka kwenye malisho yataua kila mtu aliyekulia huko, na mtu mwenye roketi aliyekulia mjini yatamwacha apite." Nilipomaliza nilisikia mtu ananung'unika, mwingine anatema mate. Injinia alikuwa amefumba macho.

Nilidhani nimeshinda. Niseme ukweli, nilisikia hata raha kidogo.

Bi. Senn akafunga daftari. "Umbali gani?"

"Umbali gani nini?"

"Wanapotambuliwa. Kwa huo mwendo."

"Mita elfu moja na mia mbili," nikasema. Ulimi ulikuwa umezoea kujibu maswali ya wanunuzi.

"Kwenye vumbi?"

Mmoja wa wale wanajeshi akamwambia kitu kwa lugha yao, naye akatikisa kichwa kukubali.

"Nimezika walinzi thelathini na mmoja mwaka huu," akaniambia, na hakuwa ananitisha, alikuwa ananieleza. "Wanaotulipua hawabebi roketi, Mwalimu. Roketi tungeiona. Wanakuja na mifugo, wamevaa shuka, wanatembea hivyo ulivyotembea wewe sasa hivi, na kilipuzi kiko ndani ya kiriba cha maziwa. Makampuni sita yameniambia hakuna jicho linaloweza kuwatambua."

"Na wasiobeba kilipuzi?"

"Wakae mbali na bomba."

"Bomba limepita kwao."

"Ndiyo," akasema. "Limepita kwao." Kisha akamgeukia Injinia Lyatuu. "Tunachukua yote arobaini na mawili. Na tutahitaji mengine themanini. Somo hilo hilo, lisiguswe."

Halafu neno themanini likatembea kutoka kivuli hadi kivuli, na kiwanda kizima kikalipuka kwa vigelegele. Lupogo alikuwa anarukaruka na mikono hewani. Yule mke wake mjamzito, nilifikiri, atajifungua mtoto mwenye baba mwenye kazi. Nilisimama peku katikati ya furaha ile nikitamani ardhi inimeze, kwa sababu mnada niliuendesha mimi mwenyewe, kwa miguu yangu mwenyewe.

5

Hati ziliwekwa kwenye chumba cha udhibiti, ghorofani, kwa sababu sheria inataka mwalimu asaini mbele ya somo mama. Somo mama ni kabati la chuma lenye joto, linafika kiunoni. Kila anachojua Kobe amekinakili kutoka humo, na humo humo anakuja kujilinganisha kila baada ya dakika chache maadamu yuko uani. Siku akivuka geti anafungwa, anabaki na alichonacho mpaka atakapokuwa chuma chakavu. Kabati lina ufunguo mmoja na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Injinia Lyatuu aliwaacha wageni kwenye chai akaja peke yake. Aliweka kalamu juu ya hati.

"Umefanya wajibu wako," akasema. "Umewaambia hadharani. Wamejua, wamekubali. Kosa si lako tena, ni lao."

"Jina ni langu."

"Nitamwomba Bi. Senn aondoe vibati."

"Injinia, jana ilikuwa makosa. Tulikosea, basi. Leo siyo makosa tena. Leo ni bidhaa."

Akakaa kwenye kiti changu, mzee ghafla. "Ukikataa atakuja mwingine asaini. Nilishakwambia."

"Ulinambia. Ndiyo maana sikatai."

Alinitazama akidhani nimekubali. Naona hata machozi ya shukrani yalimlenga. Nilikuwa nimeshauvua ufunguo shingoni. Nilikuwa nimezunguka zunguka chumba kile tangu tuingie, dirishani, mlangoni, kwenye kabati, dirishani tena, na sasa nilikuwa kwenye kabati. Nikauingiza, nikauzungusha, skrini ikaniuliza kama nina hakika. Ikaniuliza tena, maana mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika iulize mara mbili. Kuna watu mia sita na kumi, nikawafikiria, siyo kwa ujumla, nilimfikiria mama Mhewa wa jikoni na Lupogo na mlinzi wa geti anayesoma gazeti la juzi. Nikabonyeza huku nawafikiria. Sikutaka kujifanya hawapo.

"Umefanya nini?" Injinia akauliza, ingawa aliona.

"Nimefuta. Somo lote, misimu mitatu. Wao uani watafutika wakija kujilinganisha, mmoja mmoja. Dakika kumi hivi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Nitalazimika kuita polisi, Nyemo," nami nikamwambia aite, nitakuwa uani, kuna mtu nataka asikie kwangu kabla hajasikia kwa wengine.

Sechelela alikuwa ametoka bandani, kofia ya kuchomelea imeinuliwa juu ya paji la uso, glavu kwapani. Alikuwa ameshasikia habari ya themanini, uso wote unacheka. Alinikumbatia akaninyanyua kidogo kama alivyozoea tangu tukiwa wadogo, ingawa mimi sasa ni mzito kuliko yeye.

"Wanasema ulitembea peku kama chizi ukauza magari!"

"Dada, nimeyafuta."

"Umefuta nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa ufupi. Alinisikiliza huku uso wake unarudi nyuma taratibu, na mikono yake ikaniachia.

"Kwa ajili ya watu wa kaskazini," akasema.

"Kwa ajili ya wachungaji. Watu kama sisi."

"Sisi?" Akanitazama kuanzia miguu peku hadi kichwani. "Nyemo, wewe ulichunga mpaka miaka kumi na moja. Mimi nilibaki. Wewe umesoma kwa miguu yangu, mdogo wangu. Leo mara ya kwanza maishani nina kazi yenye kivuli, nina wanangu watatu shuleni, na wewe unavua viatu nusu saa unaniambia sisi." Hakuwa analia. "Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Ungeniuliza tu."

"Ungesema nini?"

Alifikiria kweli. Hilo ndilo ninalomkumbukia. "Sijui," akasema. "Na sasa sitajua."

Akateremsha kofia usoni, akanipa mgongo, akaanza kukatisha ua kurudi bandani, kupita katikati ya safu za magari. Nilikuwa nafanya naye kazi miaka mitatu na sikuwa nimewahi kumtazama anavyotembea. Alikuwa mtu wa bandani, hakuwahi kuitwa uwanjani kuigiza raia, na magari uani yalikuwa siku zote yamefunikwa macho, isipokuwa leo. Hatua zake zilikuwa ndefu. Magoti yamelegea, mabega yametulia, na kichwa kilikwenda mbele kwa usawa mmoja, hakipandi wala hakishuki, viatu vya usalama na vyote.

Mnara wa Kobe wa kwanza ukageuka. Halafu wa pili. Safu ya kulia ikageuka, na safu ya kushoto, taa nyekundu zikiwaka moja baada ya nyingine kadiri alivyopita, mitutu ikimfuata mgongoni, na yeye ndani ya kofia ile ya chuma hasikii, haoni. Bunduki tupu, najua, zilikuwa tupu. Nilianza kuhesabu: mbili, halafu tena mbili, halafu tena.

Alipofika katikati, Kobe mmoja wa safu ya nyuma alizima taa, somo limemtoka. Mtutu wake ukasimama pale ulipokuwa, ukielekea pasipo na mtu. Kisha mwingine. Kisha watatu kwa pamoja. Wengine waliendelea kumfuata, na wengine wakaacha, na mimi nilisimama nikitazama ni upande gani utakaomaliza kwanza, dada yangu au wao. Aliufikia mlango zikiwa zimebaki taa nne. Akausukuma kwa bega, akaingia, akaufunga nyuma yake bila kugeuka.